Ghorofa Waliyoikata

Mimi si mtu wa kuona mambo. Niliendesha basi la shule miaka ishirini na tatu hapa Santa Brígida, na dereva anayeota mchana hafiki hata kona ya kwanza na watoto wa watu. Nitakayoyasema niliyaona kwa macho haya mawili, na mume wangu Manny aliyaona kabla yangu.

Ilikuwa Jumanne, siku yangu ya kufua. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika mashuka wakati vijana wanne walipofika na lori kwenye shamba la zamani la kabichi, wakaanza kusimika miti mirefu. Mji wetu una sheria yake: anayetaka kujenga ghorofa lazima kwanza asimamishe miti kwenye pembe zote na kufunga nyavu za rangi ya chungwa pale kuta na paa vitakapofika, ili majirani waone ukubwa wa jengo kabla halijajengwa, na wapate cha kulalamikia. Kufikia saa nane mchana, jengo la hewa lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba yangu. Ghorofa tatu, familia ishirini na nne.

Mimi sina ugomvi na nyumba. Mwanangu mwenyewe alihamia mbali kwa kukosa pa kupanga hapa. Ugomvi wangu ulikuwa dirisha moja tu. Miaka miwili kabla ya hapo Manny alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa na maneno yakamtoka karibu yote. Kilichombakia ni dirisha. Kila mchana jua liliingia chumbani, likampanda miguuni polepole hadi kifuani, naye akafumba macho akatulia. Madaktari walikuwa na dawa zao, lakini mimi ndiye niliyejua kinachomweka hai. Nilizipima zile nyavu kwa macho. Ghorofa ya tatu ingelizima jua lile lote.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwa Noreen. Noreen Halvorsen alikuwa jirani yangu wa uzio kwa uzio miaka ishirini na saba, mwalimu mstaafu, mjane, na shoga yangu wa kufa na kuzikana. Manny alipoanguka, yeye ndiye aliyenishika nisianguke pia. Ufunguo wa nyumba yangu ulikuwa kwenye msumari jikoni kwake.

"Shoga, wanataka kuninyima jua la Manny," nikamwambia.

"Wapi! Labda niwe nimekufa," akasema, huku akikata mkate mtamu niliompelekea. "Tutawazima palepale kwenye kikao cha kamati ya ujenzi ya mji. Lakini sikilizeni ushauri wangu, wewe na majirani wote. Kila mtu anapewa dakika tatu za kusema. Mkisimama mmoja mmoja, kila mtu na kilio chake, wanakamati watasinzia. Nipeni mimi dakika zenu niwasemee wote."

Hilo linaruhusiwa kwetu. Unaandika jina lako kwenye karatasi kwamba dakika zako umempa fulani, basi. Na nani asingempa Noreen? Yule mwanamke alijua kupanga maneno hadi ukubali jioni ulichokikataa asubuhi. Tulitia sahihi watu kumi na wawili. Jina langu, Connie Azevedo, ndilo la kwanza.

Jumatano, siku moja baada ya miti kusimama, nilikuwa namlisha Manny supu. Akainua kidole cha mkono wa kushoto kuelekea dirishani.

"Noreen," akasema.

Kijiko kilinitoka mkononi. Miaka miwili hajawahi kutamka jina la mtu, hata langu. Nilisikia wivu, sioni haya kusema.

"Noreen yuko kwake, mpenzi."

"Juu."

Nikatazama. Miti, nyavu, ndege wa baharini mmoja. Nikamfuta kidevu, nikaendelea kumlisha.

Kesho yake akarudia, na safari hii akaongeza. "Noreen. Juu. Anaosha vyombo." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu augue, na aliisema akitabasamu.

Ijumaa niliamua kukaa naye. Nikavuta kiti karibu na kitanda chake, nikatazama anapotazama. Saa saba, hakuna kitu. Saa nane, hakuna. Saa tisa nikamwona.

Mwanamke. Amesimama hewani. Juu ya nyavu za ghorofa ya pili, mahali pasipo na sakafu. Ametupa mgongo, ameelekea baharini. Viwiko vinakwenda mbele na nyuma, kama anayesugua sufuria. Sweta ya kijani. Nywele fupi nyeupe, zile zile ninazozikata kwa mkono wangu kila mwezi. Upepo ulikuwa mkali, nyavu zinapigapiga. Nywele zake hazikutikisika.

Ndipo nikasikia sauti ya Noreen. Ilitoka chini, upande wa pili wa uzio. Alikuwa bustanini kwake, anamwita paka wake.

Nikatazama chini. Yupo.

Nikatazama juu. Yupo. Anafuta mikono.

Sijui nilifikaje kwake. Nilimshika mkono kuhakikisha ana joto. Alikuwa nalo.

"Noreen," nikanong'ona, "nimekuona kule juu."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliitazama ile miti kwa muda, kisha akauliza taratibu, "Nimevaa nini?"

"Sweta ya kijani."

"Sina sweta ya kijani mimi."

"Najua."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

Akatabasamu. Nilimfahamu miaka ishirini na saba, lakini tabasamu lile sikulifahamu. "Nenda kapumzike, Connie," akasema. "Kuuguza kumekuchosha."

Kikao kilikuwa Alhamisi iliyofuata, saa moja jioni, kwenye ukumbi wa mji. Nilimwacha Manny na binti wa dada yangu. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Oyama, mtu mpole, mbele yake pana kisanduku cha taa tatu: ya kijani unaanza, ya njano unamalizia, nyekundu unanyamaza. Kijana wa kampuni ya ujenzi alionyesha picha zake. Kisha karani akasoma: "Noreen Halvorsen, dakika zake na za wenzake kumi na wawili. Jumla dakika thelathini na tisa."

Noreen akainuka, akavua koti.

Sweta ya kijani. Mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

Nikawa najiambia, si kitu, sweta tu, ngoja uzisikie hoja zake.

"Mimi ndiye jirani wa karibu kabisa na kiwanja hiki," akaanza, kwa sauti ile ya darasani. "Nimekuja kuwaambia kwamba naunga mkono mradi huu. Ujengwe wote, kama ulivyochorwa."

Mzee Silveira, fundi paa mstaafu wa nyumba ya pili kutoka kwangu, alinigeukia mdomo wazi. Noreen akaendelea. Alisema majirani wameshauriana na hofu zimeisha. Alisema habari za kivuli zimetiwa chumvi. "Mtaani kwetu yupo mgonjwa mmoja ninayempenda kama ndugu," akasema bila kunitazama. "Maskini, muda mwingi amelala. Jua au kivuli, kwake ni mamoja."

"Mwongo!" Nilisimama. "Mwongo mkubwa wewe! Umekula mezani kwangu!"

Bwana Oyama akagonga meza. "Mama Azevedo, tafadhali. Dakika zako ulishazitoa."

"Nazitaka zirudi!"

"Zikishatolewa hazirudi, mama. Naomba ukae."

Nikakaa. Tulikaa sote kumi na wawili, watu wazima wenye wajukuu, tunasikiliza dakika zetu wenyewe zikituchimbia kaburi. Dakika thelathini na tisa ni ndefu mno. Hakuacha hata moja.

Alipomaliza, mjumbe mmoja akauliza barabara ya kuingilia itapita wapi. Kijana wa kampuni akajibu bila wasiwasi kwamba itapita kwenye kiwanja cha Bi Halvorsen, wameshakubaliana. "Naye ameshachagua nyumba yake mpya," akaongeza. "Ghorofa ya tatu, upande wa bahari."

Kamati yetu hupenda kumpa kila mtu kipande. Wakateta, wakapiga kura. Mradi umepita, kwa sharti moja: ghorofa ya tatu ikatwe. Walioahidiwa nyumba kule juu, wakikosa kwenye ghorofa mbili zilizobaki, kampuni iwalipe fedha.

Noreen akasimama. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Hapana," akasema. "Hapana, mimi naishi pale."

Hakusema ataishi. Watu walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilimkumbuka yule wa juu ya nyavu.

Nilimkamata mlangoni. Nilitaka kumtukana, lakini kilichonitoka ni swali moja tu, "Kwa nini?"

"Nilichoka kukaa peke yangu na kuwatazama nyie wawili dirishani," akasema. "Lakini nilikuwa bado nasitasita, Connie. Nakuapia. Wewe ndiye uliyekuja kuniambia nimeshafika."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Nyumba yake ilibomolewa baada ya Pasaka, kupisha ile barabara. Akapanga chumba mji wa ndani, kule kusikofika harufu ya bahari. Siku mafundi walipopiga paa juu ya ghorofa ya pili, mwenye nyumba wake alimkuta amekaa kitini, mikono ndani ya sinki lenye maji yaliyopoa, amekufa. Sikwenda kumzika. Watu walinisema, na bado wananisema. Wao hawakumpa ufunguo wa nyumba yao.

Jengo likaisha. Si baya, kusema kweli. Familia zikahamia, watoto wakaleta kelele, na jua likapita juu ya paa likaingia chumbani kwa Manny kama zamani. Siku ya kwanza nililia kwa furaha. Nilisema, basi, usaliti wake haukumfikisha popote.

Saa tisa kivuli kikaingia.

Nilidhani wingu. Nikachungulia nje. Anga jeupe, hakuna hata unyoya. Juu ya lile paa hapakuwa na kitu. Nikageuka. Kivuli kilikuwa kimepanda kitandani, kimemfunika Manny miguu, tumbo, kifua. Kimefika ukutani. Kilikuwa na ukingo ulionyooka, kama ukuta. Katikati yake palikuwa na mraba wa mwanga.

Dirisha.

Ndani ya dirisha, kichwa na mabega ya mtu. Viwiko vinakwenda mbele na nyuma.

Nilimwita Mzee Silveira. Akatazama ukutani, akatazama nje, akatazama tena ukutani. Alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo akipita kwangu huvuka barabara.

Nilifunga pazia. Manny akalia, akalia hadi akakohoa, ikabidi nifungue. Akanyamaza papo hapo. "Noreen," akasema, na uso ukamng'aa. Ikawa hivyo kila siku. Mimi namgeuza, namwogesha, namlisha. Yeye anasubiri saa tisa. Jina langu hakulitamka hata mara moja.

Alifariki Oktoba, alasiri, macho yakiwa ukutani. Nikamfumba macho, nikafunga na mlango wa kile chumba.

Nilikaa hadi mwaka juzi ndipo nikafungua, nitoe kitanda. Ukuta ule tuliupaka rangi ya bluu mwaka tuliooana, na jua limeupausha wote sasa, umekuwa kama maziwa. Wote isipokuwa mahali jua lisipofika. Pamebaki umbo la Noreen, bluu iliyoiva, utadhani imepakwa jana. Nimelipaka rangi nyeupe mara tatu. Linarudi.

Lakini si la Noreen peke yake. Pembeni yake pana umbo la pili, la mwanamume mwenye bega moja lililoshuka. Nilikaa na Manny miaka arobaini na moja, namjua hata kwa kivuli. Kichwa amemwinamishia. Na mkono wake wa kulia, ule uliokufa, ambao mimi niliukanda kwa mafuta kila asubuhi bila hata kutikisika, umemshika Noreen kiunoni.