Shahidi Aliyekataa Kuapa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Natalina alifagia uwanja wa nyumba ya mjomba wake huko Buluk, mtaa mmoja wa Juba, akachemsha chai, kisha akaenda kusimama kando ya lori. Mjomba Lukudu hakuwasha injini mpaka amesali. Aliweka mkono juu ya boneti, akafumba macho, akamkabidhi Mungu safari, mzigo na wote waliokuwamo ndani. Natalina aliitikia amina, akapanda mbele, akapelekwa hadi karibu na shule kama mtoto wa tajiri.

Matajiri hawakuwa. Baba yake Natalina alifia ukimbizini Uganda, na vita vilipokwisha Natalina na mama yake, Betty, walirudi Juba mikono mitupu. Kaka yake Betty ndiye aliyewapa chumba, chakula na ada ya shule, ingawa hata lori lenyewe lilikuwa la mfanyabiashara aliyemwajiri. Lukudu alikuwa mtu mwema, tena mwimbaji wa kwaya, na yeyote pale mtaani angekwambia hivyo. Kasoro yake ilikuwa haraka.

Shuleni kulikuwa na mwalimu wa hesabu, Soro, ambaye watoto walimwogopa kwa sababu isiyohusu hesabu hata kidogo. Hakuwa na dini. Hakwenda kanisani wala msikitini, na mizimu ya mababu hakuiamini pia. Hakulificha jambo hilo wala hakulitangaza; akiulizwa, alijibu. Emilio, aliyekaa dawati moja na Natalina, alijifanya mjuzi wa habari zake zote.

"Mwalimu hii iko na dini ya siri," Emilio alisema. "Jumapili anafunga mlango. Wako wengi, wanakutana. Ni wakomunisti."

"Umewaona?"

"Hapana. Lakini kama hakuna kitu, kwa nini anafunga mlango?"

Emilio mwenyewe alifunga mlango kila alipolala mchana, ila hilo halikumjia kichwani. Wengine walisema mwalimu alipoteza ndugu vitani, akamkasirikia Mungu. Siku moja mwanafunzi mmoja alijipa moyo akamuuliza darasani kama ni kweli. Mwalimu Soro aliweka chaki mezani.

"Watu wananitafutia msiba," alisema. "Waliokufa kwetu ni kama waliokufa kwenu, na ninyi bado mnasali. Mimi nilifikiri tu, nikaona siamini. Haya, tuendelee na hesabu za sehemu."

Jibu hilo halikumridhisha mtu. Walitaka kisa, naye hakuwa nacho.

Siku ya balaa, taniboi wa lori alikuwa mgonjwa. Ndiye aliyezoea kusimama nyuma na kumwongoza dereva. Asubuhi hiyo, kabla ya shule, Mjomba Lukudu alipakua magunia karibu na soko la Konyokonyo, na kazi ikachukua muda mrefu kuliko kawaida. Natalina alipozunguka lori ili apande, alimwona mtoto mdogo ameketi kivulini, nyuma kabisa ya magurudumu, akikusanya mchanga kwa mikono.

"Mjomba, kuna mtoto nyuma," alisema alipokwisha kukaa.

"Atatoka akisikia injini. Tumechelewa."

Lori lilirudi nyuma. Upande wa pili wa barabara mtu alipiga kelele, na Natalina akamtambua. Alikuwa mwalimu Soro, ameshika gilasi ya chai na mkono mwingine ameuinua juu. Kisha watu wengine wakageuka, nao wakapiga kelele.

Mtoto huyo aliitwa Albino. Alikuwa na miaka minne, mtoto wa pekee wa Teresina, mwanamke aliyeuza uji na karanga pale ng'ambo ya barabara. Alikufa palepale. Sina namna ya kulisema hilo kwa upole, na hata kama ningekuwa nayo, Teresina hakupata upole wowote siku ile.

Jioni Betty alimwita binti yake chumbani.

"Natalina, mwanangu, utaitwa kwa wazee. Sema mtoto alikimbia akaingia chini ya gari."

"Hakukimbia, mama. Alikuwa amekaa. Nilimwambia mjomba..."

Betty alimziba mdomo. "Mjomba akifungwa tutakula nini? Shule nani atalipa? Mungu anaona hali yetu, atatusamehe."

"Mwalimu Soro aliona pia."

"Yule? Mtu asiyemwogopa Mungu anaweza kusema chochote. Hakuna atakayemsikiliza."

Polisi walisubiri wazee waseme kosa lilikuwa la nani. Mahakama ya wazee ilikaa chini ya rakuba, kibanda cha nyasi chenye nguzo na kisicho na kuta, na watu walijaa hadi juani. Mkuu wake alikuwa Mzee Mogga. Mbele yake palikuwa na meza, na juu yake vitu vitatu: Biblia, Kurani na mkuki wa zamani kwa wale waliofuata mila. Kila shahidi aligusa cha kwake, ndipo akasema.

Natalina aliitwa kwanza. Aliweka mkono wa kulia juu ya Biblia, akasema atasema kweli, kisha akasema mtoto alitoka mbio akaingia chini ya lori. Sauti yake ilikuwa nyembamba hata wazee wakamtaka arudie. Akarudia. Mjomba Lukudu alitazama chini muda wote.

Kisha akaitwa mwalimu Soro. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Mwalimu, gusa yako," alisema Mzee Mogga.

"Hapa hakuna yangu, mzee. Sina dini. Lakini nitasema nilichokiona."

"Hapana. Kila mtu iko na dini. Hata wewe. Dini yako ni ile ya kusema Mungu hayuko. Sasa watu wa dini hiyo wanagusa nini?"

Watu walicheka. Mwalimu alingoja mpaka wanyamaze.

"Mzee, mimi sina ng'ombe. Ukiniuliza ng'ombe wangu wana rangi gani, nitakujibu nini? Hatuna nyumba ya kukutania, hatuna kitabu, hata wenzangu siwajui."

"Lakini unakataa kwa nguvu kama padri anayekataa pombe. Hiyo si dini?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Ushupavu ninao, mzee, hilo sibishi. Lakini mtu anaweza kuwa mshupavu bila kuwa na dini."

"Basi gusa Biblia tu, twende mbele. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Ningeweza kuigusa, na ninyi mngeniamini. Lakini ningekuwa nimeanza ushahidi wangu kwa uongo, kwa sababu ningewaambia naapa kwa kitu nisichokiamini. Nikiwadanganya hapo, kwa nini mniamini baadaye?"

Natalina aliketi mstari wa mbele. Aliuingiza mkono wake wa kulia chini ya paja, akaukalia.

Wazee walinong'onezana. Mmoja alisema asiyeapa haogopi kitu, na asiyeogopa kitu atasema lolote. Watu waliitikia kwa vichwa. Mzee Mogga alikohoa.

"Malesh, mwalimu. Tusamehe. Maneno yako hatuwezi kuchukua. Kaa nje."

Mwalimu Soro alitoka, akasimama juani pamoja na watu wengine. Sasa lilibaki neno la shahidi mmoja tu mbele ya wazee, nalo lilikuwa la Natalina. Mzee Mogga akaanza kutoa uamuzi: mtoto alikimbilia gari, dereva hakuweza kumwona, na mama ndiye aliyepaswa kumchunga mtoto wake. Wanawake waliokaa karibu na Teresina walijisogeza mbali naye kidogo. Ilitosha kwa kila mtu kuelewa.

Teresina alisimama.

"Mzee, mimi naomba kuuliza hii mtoto kitu moja tu."

"Uliza."

Alimgeukia Natalina, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mwanangu, wewe umesema alikimbia. Alikuwa anakimbilia wapi? Alikuwa anakuja kwangu?"

Natalina aliinamisha kichwa. Teresina akaendelea.

"Mimi nilimwita. Uji ilikuwa tayari, nikaita, Albino, kuja kula. Halafu ikawa gari. Sasa kama alikimbia, ni kwa sababu mimi nilimwita. Niambie tu. Mimi nataka kujua kama ni mimi."

Hapo Natalina alielewa alichokifanya. Alidhani amemtoa mjomba wake shimoni na basi, kumbe alimsukuma mtu mwingine ndani. Mama huyu angezeeka akijua kwamba sauti yake mwenyewe ndiyo iliyomuua mwanawe, na hiyo isingekuwa kweli. Alimtazama mama yake, Betty, aliyekuwa ameshika nguzo ya rakuba kwa mikono miwili. Akaona chumba chao, sufuria yao, sare yake ya shule. Akasimama.

"Si wewe, mama," alimwambia Teresina. "Hakukimbia. Alikuwa amekaa nyuma ya lori, amekupa mgongo. Injini ilikuwa inanguruma, hangeweza kusikia ukimwita. Mimi nilimwona. Nilimwambia mjomba kuna mtoto, akasema atatoka. Nimesema uongo."

Hakuna aliyecheka sasa. Mjomba Lukudu alifunika uso kwa mikono, kisha akaishusha.

"Mtoto anasema kweli," alisema. "Niliambiwa, na sikushuka kutazama."

Mzee Mogga aliitazama meza yake. Kisha akamwita mwalimu Soro arudi ndani. "Huyu tutamsikiliza bila kugusa kitu," alisema. "Aliyegusa ametudanganya, aliyekataa tumemfukuza. Sema, mwalimu." Mwalimu alisema alichokiona, kwa maneno machache, akarudi kusimama juani.

Lukudu alifungwa. Lori lilirudishwa kwa mwenyewe. Betty alianza kubeba mchanga kutoka mtoni kwa wajenzi, na jioni alirudi na mabega yaliyochubuka. Kuna siku walilala na chai tupu. Ada ya muhula uliofuata hawakujua itatoka wapi. Baadhi ya watu wa kwaya waliacha kuwasalimu.

Siku aliyorudi darasani, Natalina alimngoja mwalimu Soro mlangoni.

"Mwalimu, mimi nilidhani watu kama wewe ndio waongo. Sasa najua ninyi ndio wakweli."

"Hapana, Natalina," alisema mwalimu. "Umetoka shimo moja, unaingia jingine. Nimewajua wasioamini waliokuwa waongo wakubwa, na nimewajua mapadri ambao ningewakabidhi roho yangu. Mimi ni mtu mmoja tu. Na wewe ndiye uliyesema lililokuwa gumu. Mimi sikuwa na cha kupoteza."

Jumapili ile, baada ya misa, Betty alimshika Natalina mkono wakaenda kwa Teresina. Wanawake walikuwa wameketi mkekani. Betty hakukaa.

"Teresina, uongo ule mtoto hakuutunga. Ni mimi niliyemfundisha. Nilimwekesha mkono juu ya Biblia, nikaitumia kama kifuniko cha sufuria. Nilisema mwalimu haogopi Mungu, kwa hiyo atadanganya. Yeye akasema kweli, na mimi ninayeogopa Mungu ndiye niliyedanganya." Akamgeukia binti yake. "Sikia, mwanangu. Usimpime mtu kwa dini aliyo nayo au asiyo nayo. Pima anachosema na anachotenda. Na wewe ukifungua kinywa, sema kweli, hata kama ni mimi mama yako ninayekukataza. Njaa tutahangaika nayo. Lakini tulitaka kumbebesha mwenzetu kifo cha mtoto wake ili sisi tule."

Alikuwa analia waziwazi. Teresina akagonga mkeka kwa kiganja kando yake.

"Kaa hapa, Natalina," alisema. "Wewe ulimwona mwisho. Alikuwa anafanya nini? Niambie yote, na usiongeze kitu."

Natalina akaketi. Akamwambia yote, na hakuongeza kitu.