Mashine Isiyosumbua

Laptop ilikuwa imezimwa tangu jana na chaja yake imechomolewa, lakini Wakili alipoweka kiganja juu yake aliikuta ina joto. Halikuwa joto la jua. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

"Dada, umeitumia?"

"Ndiyo kwanza naamka," dada yake alijibu kwa mwayo. "Acha kuishikashika, itakuzoea."

Wakili halikuwa jina lake. Mama yao, fundi cherehani, alimpachika jina hilo kwa sababu tangu aanze kusema hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, na sasa kwenye midahalo ya chuo alikuwa akipigiwa makofi kwa ukorofi uleule. Dada mtu alikuwa wa machozi. Alilia kwenye harusi za watu asiowajua. Alilia kwa matangazo ya sabuni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za vikao na kuziandika neno kwa neno, na laptop yake ya zamani ilikuwa mateso matupu: skrini inazima ukikohoa, vibonye vimeng'oka kama meno ya bibi, betri haimalizi hata salamu. Ilipokufa kabisa alinunua hii, ya mtumba, kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili.

"Hii ni jembe," fundi alimwambia. "Haigandi, haichemki, haimsumbui mtu. Ina kimoja tu: kabla ya kuwaka inagonga. Usishtuke, ni feni."

Na ikagonga kweli. Ngo, ngo, ngo, polepole, kama kidole kwenye mlango wa mbao. Siku ya kwanza dada alicheka, akaitikia kama anavyoitikiwa yeyote aliye mlangoni: "Karibu!" Skrini ikawaka papo hapo. Ikawa ndiyo mazoea yake. Asipoitikia, haiwaki.

"Ina adabu kukushinda wewe," alimtania mdogo wake.

Hakuna aliyeona mambo yalipoanzia. Dada aliacha kulia, wakasema afadhali. Akaacha kucheka, wakasema ana kazi nyingi. Alikaa mgongo wima mbele ya skrini, vidole vikienda bila kukosea, na chumba kikashika harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi. Rekodi zilikwisha, vidole vikaendelea. Feni ilivuma na kutulia, ikavuma na kutulia, na Wakili, akiwa amesimama mlangoni mchana kweupe na kikombe cha chai mkononi, alitambua kuwa dada yake anavuta pumzi feni ikivuma na kuitoa feni ikitulia, na kwamba hajui ni nani kati yao anayemfuata mwenzake.

Kilichomchoma zaidi ni kuwa watu walifurahi. Bosi alipiga simu kusifu. Shangazi alikuja kutembea, akamtazama dada jinsi alivyokaa, akatikisa kichwa kwa ridhaa.

"Huyu amekomaa. Mwanamke si wa vishindo."

"Amekomaa?" Wakili alifoka. "Shangazi, mtu anazimika mbele yenu, nyinyi mnasema amekomaa?"

"Na wewe utakomaa lini, mama maneno?"

Halafu ikaja pasi. Dada alikuwa akimsaidia mama kunyoosha nguo za wateja, Wakili akasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, akageuka. Dada alikuwa ameegemeza kiganja cha kushoto kwenye bati la pasi, huku anatazama dirishani. Mama aliipiga pasi teke ikaanguka.

"Mwanangu! Mkono wako!"

Dada aliuangalia. "Umeungua," alisema, kama anayesoma bango la barabarani. Walimfunga kitambaa. Alirudi kuandika.

Wakili alimfuata fundi wa kompyuta, akambana mpaka akampa namba ya mwenye laptop wa kwanza, mwalimu. Alimpigia akiwa amejibanza nyuma ya duka.

"Ile mashine? Nzuri sana," sauti ilisema, haipandi wala haishuki. "Haijawahi kunisumbua. Mke wangu alifariki nikiwa natunga mtihani. Niliumaliza siku ileile."

"Pole sana, mwalimu."

"Ya nini?"

Wakili alihamishia simu sikio la pili.

"Kwa nini... kwa nini uliiuza?"

"Mwanangu ndiye aliyeiuza. Alisema anaogopa ninavyopumua." Kisha akauliza, bila hamu ya jibu: "Mmeshaiitikia?"

Mganga aliletwa mchana. Alikuwa mama mfupi mwenye kikohozi, asiyependa porojo. Alifukiza ubani, na wote wakaona moshi ukiacha kupanda juu, ukainama, ukaingia kwenye tundu la feni, usitoke tena.

"Wewe ni nani?" mganga alimuuliza dada.

"Mgeni," dada alijibu kwa sauti yake mwenyewe, na hilo ndilo lililomfanya mama ashike ukuta.

"Nani kakuingiza?"

"Nilibisha. Nikaitikiwa."

Mganga aliwavuta pembeni, akanong'ona. "Kuitupa hakusaidii. Hiyo laptop ni mlango tu, na kila aliyeitikia ana mgeni wake. Mimi nafukuza wanaovamia. Huyu kakaribishwa. Mwenyeji mwenyewe amwambie toka, na awe anataka kweli."

Mama alipiga magoti. "Mwanangu, mwambie aondoke."

"Sawa," dada alisema. "Ondoka."

Feni haikubadilika.

"Utake, mwanangu. Kwa moyo wako wote."

Dada alifikiri, kwa utulivu, kama mtu aliyeulizwa alikoweka ufunguo. "Nimeutafuta, mama. Haupo."

"Hakuna njia nyingine?" Wakili alinong'ona.

Mganga alikohoa, hakutaka kuwatazama. "Mgeni huhama akikaribishwa kwingine. Sikusema mtu afanye."

Lakini ilikuwa imeshasemwa, na Wakili alimwona mama yake akiinua uso, akaona midomo yake ikijiandaa, midomo iliyoshika sindano na kuimba kwa mluzi na kugombana na wateja na kumbusu utosini kila alipokwenda kufanya mtihani, akaona jinsi nyumba hii itakavyokuwa cherehani ikiwa inakwenda bila mluzi, mguu wa mama ukikanyaga ukifuata pumzi ya kitu kingine, na kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtu amalize, hakumwacha mama aanze.

"Karibu kwangu," alisema.

Ngo, ngo, ngo, ndani ya kifua chake.

Kisha dada akapiga kelele. Aliushika mkono wake ulioungua, akalia kwa maumivu yote yaliyokuwa yamewekwa akiba, akalia huku anaita, "Mama! Mama, unauma!" na mama akamrukia, akamkumbatia, naye akilia, akicheka, akimshukuru Mungu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

"Wakili! Amerudi! Njoo umshike dada yako!"

Mganga hakuwa akiwatazama wale wawili.

Wakili alisimama palepale. Aliona mdomo wa dada umefunguka, machozi yakimtiririka hadi shingoni. Aliwaza kuwa zile ni kelele nyingi, na majirani watasema nini.

Akaenda kufunga dirisha.