Mimi Ndiyo Serikali Yake

Mwandawiro alisema tapeli wa kumweza yeye hajazaliwa, na kama amezaliwa basi bado yuko mgongoni kwa mamake.

Aliyasema hayo Jumamosi, siku ambayo soko la Voi hujaa hadi kuku wanapishana kwa adabu. Alikuwa nyuma ya kioo cha kibanda chake cha simu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Mbele yake alisimama msichana aliyekimbilia kivuli tu: gauni la kitenge lenye wekundu wa udongo wa Voi, nywele mistari midogo, jasho puani, simu sikioni.

"Ndiyo, afande... Hapana, afande..."

"Afande gani?" Mwandawiro akauliza.

"Anasema kitambulisho changu kimetumiwa na wahalifu," msichana akanong'ona. "Nikikata simu nakamatwa."

"Hebu niazime." Akaichukua. "Afande, habari yako? Mimi babake. Tafadhali mkamate upesi, anamaliza chakula nyumbani. Tuko hapa soko la Voi. Nimlete kituoni mwenyewe, ama mnakuja na gari?"

Simu ikakatika. Kwenye meza ya pili, Kitheka, kijana mtanashati mwenye akili nyingi na chaja za bei nafuu, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Sikiza, dada," Mwandawiro akasema, kifua mbele. "Serikali haikushiki kwa simu. Ikikutaka, ina chifu. Mtu akikwambia usikate, kata. Akikwambia usimwambie mtu, mwambie wa kwanza utakayemwona. Akidai ni wa ofisi fulani, nenda ofisi hiyo kwa miguu yako ukaulize. Mimi wamenijaribu, wamechoka."

"Na wa kwanza niliyemwona ni wewe."

"Basi bahati yako. Ama yangu."

"Unajipenda wewe!"

"Lazima mtu aanze."

Aliitwa Mable, mtoto wa Wundanyi, na kazi yake ilikuwa mapokezi katika hoteli moja ya watalii. Wiki iliyofuata alirudi kununua kava. Iliyofuata, kioo. Iliyofuata, simu haikuwa na mahali pengine pa kuvalishwa, akaja mikono mitupu, na Mwandawiro akampa kiti.

Wakaanza kupigiana simu mchana, hoteli ikipoa.

"Karibu hotelini, naitwa Mable, nikusaidie vipi?"

"Nataka chumba."

"Cha watu wangapi, bwana?"

"Wawili. Cha maisha yote."

"Hicho hatukodishi, bwana. Kinalipiwa mahari."

"Basi naanza kuweka, mpenzi."

Na kweli akaanza. Kila jioni akifunga kibanda, alitupia kidogo kwenye akiba ya simu yake. Wakakubaliana kwamba Desemba, baba na wajomba wa Mwandawiro watapanda Wundanyi kubisha hodi. Mable akawa anapita sokoni akitembea kama mtu aliyekwisha shonewa gauni.

Ndipo Sharon akapiga simu.

Sauti yake ilikuwa laini kama uji uliochujwa. Akamsalimu Mwandawiro kwa Kidawida, akamuuliza kama mvua imenyesha kwao Mbololo, ndipo akajitambulisha: afisa wa serikali, upande wa fidia za wanyamapori. Ndovu waliingia shamba la babako wakala mahindi, sivyo? Ndivyo. Chifu akaja na wapimaji, mkangoja? Tunangoja mpaka leo.

"Basi imekubaliwa, Bwana Mwandawiro. Lakini usimwambie mtu. Wivu wa kijijini unaujua. Wakisikia nyinyi ndio wa kwanza, faili litapigwa vita."

Majina ya walioliwa mahindi yalikuwa yamesomwa mbele ya kijiji kizima. Hata mbuzi waliyajua. Lakini niambieni nyinyi: serikali inayokusalimu kwa lugha ya mamako, utaikatia vipi simu? Mwandawiro akatuma ada ya kufungua faili. Akatuma ya kulisafirisha. Zote zilitoka kwenye mahari. Akajiambia fidia ikitoka atazirudisha, na baba avalishwe koti jipya siku ya Wundanyi.

Tangu hapo simu ilikuwa ikilia anatoka nje. Anarudi, anaificha mfukoni.

"Nani huyo?" Mable akauliza siku moja, kijiko cha pilau hewani.

"Mteja."

"Mteja anaitwa Sharon? Na unamsikiliza umesimama wima kama mwanafunzi wa darasa la nne?"

"Ni mambo ya biashara, mpenzi."

"Usiniite mpenzi na mdomo uliotoka kuongea na Sharon."

Siku mbili hakupokea simu zake. Ya tatu alitokea kibandani mchana, sare yake ya kijani imenyooka, midomo imepakwa rangi ya vita. Mwandawiro alikuwa amepanda stuli akipanga redio rafu ya juu. Simu yake ikalia juu ya kioo cha meza. Sharon.

Mable akaiwahi, akaweka spika.

"Halo, Sharon."

"Naongea na nani? Namtaka Bwana Mwandawiro. Hii ni simu ya serikali."

"Mimi ndiyo serikali yake. Sema."

Mumbe, muuza ndizi wa mlango wa pili, akaacha mizani ikining'inia. Watu wakaanza kusogea.

"Mable, nipe hiyo simu," Mwandawiro akasema kutoka juu.

"Nyamaza, zamu yako inakuja. Haya, Sharon, unataka nini na mume wa watu kila siku?"

"Dada, unaingilia kazi ya serikali. Hii ni fidia ya ndovu, na ni siri. Nitaagiza askari."

Mable akasita. Fidia? Alikuwa amekuja kupigana na mwanamke, akajikuta anapigana na ndovu. Lakini mtu aliyezoea sauti za simu toka asubuhi hadi jioni hakosi kusikia sauti inayokimbia.

"Waagize. Tuko soko la Voi, kibanda cha buluu. Wewe uko ofisi gani? Nakuja kwa miguu yangu."

"Tuko Nairobi."

"Kwani ndovu wa Mbololo hawana mtu hapa Voi?"

"Nimekwambia ni siri!"

"Ndovu alikula mahindi kijiji kizima kikitazama. Siri imetoka wapi?"

Soko likaangua kicheko. Uji wa Sharon ukachemka ukamwagika. "Mwambie aniambie namba yake ya siri ya simu sasa hivi," akafoka, "la sivyo faili nalifunga!"

Kicheko kikakatika. Mable akakata simu, akamtazama Mwandawiro pale juu ya stuli.

"Ulikuwa umpe?"

Mwandawiro akashuka polepole. "Leo," akasema. "Alisema leo ndiyo mwisho."

"Na umeshampa nini?"

"Ada. Mara mbili."

"Kutoka wapi?"

Mwandawiro akaitazama ile simu yenye akiba ya mahari.

"Afadhali angekuwa mwanamke," Mable akasema, sauti imeshuka. "Mwanamke ningemshika nywele. Kuibiwa, watu huibiwa. Lakini mtu usiyemjua anakwambia unifiche, unanificha! Miezi yote tumekula sahani moja, na wewe unamwamini Sharon?"

"Niliona aibu kuuliza. Mimi ndiye huwafunza watu."

"Basi badilisha hiyo namba ya siri. Pigia kampuni ya simu yako. Uende polisi uandikishe. Halafu kaa na aibu yako mpaka ikuzoee."

Akaondoka, kisigino kikipiga saruji. Mwandawiro akafanya yote aliyoambiwa, la mwisho kabla ya la kwanza. Pesa zilizokwenda zilikuwa zimekwenda. Zilizobaki zilibaki kwa sababu ya wivu wa mwanamke mmoja.

Ijumaa kulikuwa na baraza ya chifu huko Mbololo. Mwandawiro alipanda kwao akiwa na lile shati jeupe, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na babake, na chifu alipouliza kama kuna mengineyo, akainua mkono. Babake akadhani anataka kuuliza mambo ya barabara.

"Mimi ni fundi na muuza simu Voi. Nimetapeliwa," akasema. Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona hatanii. "Alijiita Sharon wa fidia. Anaongea Kidawida kutushinda. Alinikataza kusema, ndiyo maana nasema mbele ya wote. Kama amewapigia, msitume. Tukaulize ofisini pamoja, mchana kweupe."

Mama mmoja akainua mkono. Mzee mmoja pembeni akainua wake, nusu. Ikawa mikono mpaka huko nyuma. Kila mtu alikuwa amewekewa siri yake peke yake. Mama yule wa kwanza alikuwa ameuza mbuzi asubuhi hiyo, pesa bado zimefungwa kwenye leso.

Babake Mwandawiro alimpangusa mwanawe vumbi begani, pale ambapo hapakuwa na vumbi, watu wote wakiona.

Jumamosi mchana simu ililia kibandani.

"Karibu kibandani, naitwa Mwandawiro, nikusaidie vipi?"

"Nasikia kuna mtu alisimama mbele ya baraza akajianika," Mable akasema.

"Nani kakwambia?"

"Shangazi yangu ameolewa Mbololo. Amenipigia akijigamba kama ni yeye aliyekuzaa. Nikamwambia pole, huyo ana mwenyewe."

Mwandawiro akageukia ukutani ili Kitheka asione uso wake. "Mable, mahari imepungua."

"Najua."

"Nikijaza itafika mwakani."

"Nani amekwambia ujaze? Nimemweleza baba. Anasema zilizopungua zimejazwa na heshima uliyoionyesha barazani. Desemba ni Desemba. Uje na kilichobaki, na mtu wa kueleza kilichotoka. Na Mwanda?"

"Naam?"

"Nilijivunia. Mpaka nikampa mgeni funguo za chumba cha mwenzake."

Basi, wazee wangu wa Wundanyi, ndivyo tulivyofika kwenu leo. Mahari mmeiona, upungufu mmeuona, na sababu mmeisikia. Bwana harusi ni huyo hapo, anatazama viatu vyake. Nilipewa kazi ya kueleza, nimeeleza. Namalizia na wosia kwa vijana: mwigeni yule jirani yake, Kitheka, ambaye kwa akili zake hakuna tapeli hata mmoja aliyewahi...

"Kitheka!"

Ni Mumbe, kutoka kwenye masufuria, mwiko mkononi.

"Endelea basi, mbona umenyamaza? Waambie siku niliyokwenda stesheni ya treni kumpokea dadangu, nikakukuta kwenye benchi na suti ya kuazima, tai imekukaba shingo. Nikakuuliza unangoja nani. Ulisema nani?"

"Mumbe, chakula kinaungua..."

"Ulisema unangoja afisa kutoka Nairobi akushukie na kazi ya serikali, uliyokwisha kuilipia kwa simu! Treni ikaja, ikaenda. Nikarudi jioni kuchukua mzigo uliosahaulika, nikakukuta bado umekaa, umefungua kifungo kimoja."

Mable amejifunika leso, mabega yanaruka. Bwana harusi ameinua uso kwa mara ya kwanza leo. Na babake Mable, ambaye tangu asubuhi hajatoa neno, anakisogeza mbele kidogo kiti changu.

"Kaa vizuri, kijana," anasema. "Anza tena. Na safari hii ujitie na wewe ndani."