Kitufe cha Sitaki

Asubuhi katika nyumba ya seremala zilianza kwa kubahatisha.

"Unataka maji?" mke wake aliuliza. Seremala akatikisa kichwa. "Choo? Shuka?" Akatikisa tena, sasa kwa hasira.

Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno, si akili. Hospitali ilimpa tableti yenye picha. Ukigusa picha ya glasi, tableti inasema, "Maji." Jambo jema, ila kioo kilisheheni vitufe: cha kubadili lugha, cha kuongeza picha, cha kufuta kila kitu. Mkono wake uliobaki mzima ulitetemeka. Akitaka maji, anagusa kando, na tableti inaanza kuongea lugha ya ng'ambo.

"Baba siku hizi ni mtalii," binti yao alitania. Binti huyo walimwita Kiherehere kwa haraka zake, na jina lilimkaa. "Niachieni mimi. Nitaondoa vya ziada."

Akaondoa kweli. Alificha cha lugha na cha kufuta. Kisha akaficha na kitufe cha "Sitaki".

"Mzee akikiona hicho hamezi dawa wala hanywi supu," alimnong'oneza mama yake.

Vitufe vilivyobaki vikasogea kujaza nafasi. Hakuna aliyejali.

Tangu hapo tableti ikawa na adabu ya ajabu. Mama akileta supu, seremala anagusa kona ya chini. "Asante." Akimwongezea: "Asante! Asante!" Mama alifurahi. Lakini seremala hakutulia. Alikipiga kioo, akasukuma bakuli, usingizi ukamruka. Nyumba nzima ikaishi roho juu.

Ndipo Mama akamletea jambo zito. "Baba watoto, kuna mtu anataka kununua zana zako. Misumeno, randa, zote. Tumpe?"

"Asante," ilisema tableti. "Asante. Asante."

Mama alifuta machozi, akamwita mnunuzi.

Mnunuzi alipofika, mtaalamu wa mazoezi ya kuongea kutoka hospitali naye alikuwa anaingia mlangoni. Randa ya kwanza ilipobebwa, seremala alianza kuipiga kona ile ile. "Asante! Asante!" Macho yalimwiva.

"Hebu ngojeni," mtaalamu alisema. "Mtu anayeshukuru hawi hivi. Hapa kwenye kona palikuwa na nini?"

Kiherehere akasogea kuitazama kona. "Palikuwa na 'Sitaki'. Nilikificha. 'Asante' ikasogea pale."

"Mkono wake umezoea mahali, mwanangu. Yeye anasema sitaki, tableti inasema asante."

"Kwani kuficha ni kosa?"

"Si kosa. Cha lugha na cha kufuta yeye havihitaji. Vifiche, tena uvifunge kwa namba ya siri. Ila vinavyobaki visihame mahali pake. Na kitufe ambacho hakifai sasa lakini kitafaa baadaye, usikiondoe. Kiache palepale, kipauke, kisifanye kazi mpaka wakati wake. Ona hiki cha 'Rudia'. Kama hajasema kitu, atarudia nini? Akishasema, king'ae."

"Na 'Sitaki'?"

"Hicho usikiguse, hata kikikukera. Tena kabla ya kuficha chochote, muulize anayekitumia."

Kiherehere akakaa chini karibu na baba yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. Alimwonyesha kitufe kimoja kimoja, na baba akaitikia au akakataa kwa kichwa. "Sitaki" ikarudi kwenye kona yake.

Mama akapiga magoti mbele yake. "Baba watoto, tuuze?"

Kidole kikatetemeka hewani, kikashuka.

"Sitaki."

Mnunuzi akairudisha randa mezani. Mama alilia kwa sauti. "Nisamehe, mume wangu. Nilidhani umekubali."

Tangu siku hiyo supu nyingine hurudi jikoni, na dawa huzua ubishi. Lakini seremala analala. Sasa hupiga randa vibao vidogo kwa mkono mmoja, Kiherehere akimshikia ubao. Juzi binti alitaka kumpokea randa, akidhani amechoka. Baba akanyoosha mkono kwenye tableti.

"Sitaki," ikasema, na seremala akacheka mpaka ubao ukaanguka.