Daftari la Vipimo la Bi Pindo

Jamani, tusikilizane. Haya mengine nimeyaona kwa macho yangu, mengine kanisimulia mwenyewe, maana nyumba yangu na ya Bi Pindo zinatenganishwa na ukuta mmoja tu.

Bi Pindo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo lake halifumuki hata livutwe na ng'ombe wawili. Kila asubuhi cherehani yake ililia, na mumewe, dereva wa lori la saruji, akinywa chai mlangoni na kumtania: "Mke wangu, wewe hata ukilala vidole vinashona."

Kisha vidole vikaanza kufa ganzi, na jicho la kulia likaingia ukungu. Hospitali ikasema ni MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuishambulia mishipa ya fahamu.

"Hatuna dawa ya kuumaliza," alisema daktari, "lakini sindano hizi hupunguza mashambulizi. Usiziache hata ukijisikia mzima."

Sasa kosa ni hili. Mume alimpenda mkewe, tena sana, na kwa mapenzi hayo akamgeuza bubu. Kila kliniki yeye ndiye aliyejibu.

"Miguu je?"

"Hajambo kabisa, daktari!"

"Na sindano?"

"Anachoma bila kukosa!"

Bi Pindo anatazama viatu vyake tu. Kumbe sindano ameziacha miezi minne! Alijiona mzima, akasema za nini. Ganzi iliporudi aliificha, mume asije akamkataza kushona. Nawe unayenisoma, usimcheke. Hujawahi kumdanganya daktari?

Siku moja alikuwa akikata gauni la harusi la binti yake. Mkono ukamkataa, mkasi ukapasua kitambaa kifuani. Kuinuka, mguu haukumbeba. Nilisikia kishindo nikakimbilia kwake. Nilimkuta sakafuni amekumbatia lile gauni.

"Jirani," alilia, "nitashona tena mimi?"

Nikampigia mumewe simu, tukamkimbiza hospitali.

Hospitalini mume akaanza kama kawaida yake: "Daktari, mke wangu..." Muuguzi mmoja mtu mzima akamkatiza.

"Samahani, baba. Mteja akija kwa mkeo kushonesha nguo, hupimwa kiuno cha nani?"

"Chake mwenyewe."

"Basi na leo tunampima mwenye mwili. Dada, sema."

Bi Pindo akasema yote: sindano, ganzi, hofu. Mume machozi yakamtoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, baba watoto, nawe hunyamazi?"

Alirudi nyumbani na mkongojo. Akafungua daftari lake la vipimo vya wateja, akaandika jina lake juu ya ukurasa mpya. Kila siku aliandika alivyolala, ganzi imefika wapi, sindano amechoma au la, na maswali ya kliniki. Daftari likamfunulia jambo: jicho humfifia akipiga pasi kwenye joto, na mwili ukipoa linarudi. Basi pasi akamkabidhi mume! Dereva wa saruji, mikono mikubwa kama makoleo, ananyoosha magauni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye wala hakujali.

Mwezi mmoja kabla ya harusi, jicho likafifia tena. Safari hii chumba kilikuwa baridi, homa hana, na siku ya pili bado ukungu uko. Akajua hili si la joto, huenda ni shambulio jipya, wala hakungoja. Alikwenda na daftari lake, mume akakaa pembeni, mdomo kaufunga. Daktari alilisoma, akamtibu mapema.

Jicho lilirudi. Binti aliolewa na gauni lilelile, palipopasuka pamefunikwa kwa lesi. Mshono ule niliukagua mwenyewe, haukuwa na dosari.

FUNZO

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiwa na ugonjwa wa kuishi nao, ujue mwili wako kuliko anavyoujua mtu mwingine yeyote, uandike, uulize, na dawa usiiache bila kumwambia daktari. Nanyi mnaompenda mgonjwa, mshikeni mkono, mbebeeni mkoba, hata pasi mpigieni. Lakini mdomo wake mwachieni mwenyewe.