Pikipiki ya Baba Martin Inavuja

Odilia alikuwa anapepeta mchele uani kwake, kijijini Namawala. Tumbo la miezi tisa lilimchosha. Harufu ya petroli ikamfikia tena. Ilitoka chumbani, ambako mumewe Nikodemu alikuwa ameilaza pikipiki yake, kaifunika mkeka vizuri kuliko mtoto.

"Baba Martin, hiyo pikipiki inavuja. Na kibatari nawasha humo humo!"

"Nimeshaziba," Nikodemu alijibu.

Kweli alikuwa ameziba. Alichomeka kijiti kwenye mrija mwembamba ulio chini ya kabureta, kifaa kinachoipa injini petroli, pale petroli ilipokuwa ikidondoka. Lakini pikipiki haikuwaka. Alipiga kiki mpaka shati likalowa jasho.

Odilia aliogopa sana. Martin, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa kwa kupasuliwa. Nesi alimwambia wazi: safari hii pia asithubutu kuzalia nyumbani. Hospitali iko Ifakara, na magari hupita kijijini kwa kubahatisha. Tegemeo lao lilikuwa pikipiki hiyo.

Hakumwomba mumewe ruhusa. Alikwenda kumwita jirani yao Brigitha, bibi shamba. Brigitha huzungukia vijiji kwa pikipiki, na huitengeneza mwenyewe.

"Shikamoo, dada," alisema Nikodemu, uso kaukunja.

"Marahaba. Nani kaweka kijiti hiki?"

Nikodemu alivuta sigara yake, akitazama pembeni.

"Kitoe. Mrija huu unakuonya kwamba petroli imezidi. Ukiuziba, petroli inaingia kwenye injini na kuharibu oili. Haya, tuitoe nje, mbali na jiko. Na hiyo sigara zima."

Huko nje Brigitha aligonga bakuli la kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi. "Mara nyingine inaachia kwa hivi tu," alisema. Petroli ikaendelea kudondoka. Basi akafunga koki ya tangi ili petroli isishuke, akakinga beseni, akalegeza skrubu. Bakuli likatoka. Ndani mlikuwa na utando wa kahawia, unanata kama utomvu.

"Tazameni. Hili ni boya. Linaelea juu ya petroli, kama boya la wavu. Bakuli likijaa, boya linapanda na kuisukuma sindano hii izibe tundu. Sindano yenu imeganda, haizibi. Ndiyo maana petroli haikomi."

"Imeganda kwa nini?" aliuliza Odilia.

"Mlipohamia shamba, mliiacha na petroli ndani?"

Mke na mume walitazamana. Kama kila mwaka, walihamia ng'ambo ya mto mvua zilipoanza, wakarudi baada ya kuvuna mpunga. Kuku waliwahamisha, hata paka. Pikipiki ilikuwa ngeni kwao, hawakuifikiria.

"Petroli ikikaa sana hukauka na kuacha gundi hii," Brigitha alisema.

Nikodemu akaokota msumari ili akwangue. Brigitha akamshika mkono.

"Usikwangue! Ukilichubua tundu, halitaziba tena. Kitambaa laini na petroli safi vinatosha."

Akalitikisa boya sikioni, asikie kama limeingiza petroli. Lilikuwa kavu. Walisafisha sindano na tundu lake, wakarudisha kila kitu mahali pake, wakamwaga oili iliyonuka petroli na kuweka mpya. Koki ilipofunguliwa, wote watatu waliinama kutazama. Hakuna tone.

Nikodemu akapiga kiki. Pikipiki ikaunguruma.

"Ukiiegesha, funga koki," Brigitha alimwambia. "Ukitaka kuiacha kwa muda mrefu, funga koki, kisha acha injini iwake mpaka izime yenyewe. Hapo bakuli linabaki tupu. Na chumbani isilale tena."

Nikodemu hakubisha. Jioni ile ile alianza kuijengea kibanda.

Uchungu ulimshika Odilia asubuhi ya Jumapili, watu wakijiandaa kwenda kanisani. Pikipiki iliwaka. Njia nzima alimng'ang'ania mumewe kiunoni, na Nikodemu alikwepa kila shimo. Walifika Ifakara mapema. Odilia alipasuliwa, na mtoto wa kike akatoka salama, analia kwa nguvu.

Alipopata nafuu, Odilia alimwuliza mumewe, "Uliponikabidhi kwa nesi, ulikimbilia wapi?"

Nikodemu alimtazama mtoto, akaona haya.

"Nilirudi kufunga koki."

Odilia alicheka mpaka mshono ukamuuma.