Uzi Usiokubali Fundo

Fundo la kwanza lilipofunguka, Kamisi alilaumu uzi. La pili, akalaumu macho yake. La tano lilipofunguka, aliliweka joho mapajani, akakaa akilitazama.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, na Kamisi alikuwa fundi cherehani sokoni Arua. Joho lilikuwa la Pitia, mwana wa Rosa Kiden wa Koboko, aliyetarajiwa kuhitimu chuo kikuu Kampala mwezi uliofuata. Wenzake wangeazima majoho ya chuo. Mama yake alitaka mwanawe avae la kwake mwenyewe. Kwa kipimo alileta shati kuukuu la mwanawe.

"Mwenyewe iko wapi, mama?" Kamisi alimwuliza siku ile.

"Iko na masomo mingi," Rosa alijibu, akitazama pembeni. "Wewe shona tu, fundi. Mabega yake iko kama ya baba yake, usimbane."

Baba yake Kamisi, fundi naye, alimfundisha kwamba nguo moja tu hushonwa bila fundo: sanda, ili maiti asizuiwe njiani. Kamisi alilikumbuka hilo, akajifanya hakulikumbuka. Akafunga fundo la sita.

Adhuhuri, jua likiwa limewanyamazisha hata wauza samaki, aliingia ndani kuswali. Akiwa amesujudu akasikia cherehani inakwenda. Alipotoka hakuona mtu, ila pedali ikipanda na kushuka polepole, na gurudumu likizunguka nayo, na harufu ya matope ya mtoni, mazito, ya mahali maji yanapolala, ikimjaa puani, na pale ukutani joho aliloliacha bapa kwenye msumari lilikuwa limejaa mabega, mapana, huku upindo wake ukidondosha maji sakafuni, tone baada ya tone, katika mwezi ambao Arua haikuwa imeonja mvua.

Akamwita mzee Duku, mfukuza majini. Duku alifukiza ubani mpaka macho yakawawasha wote wawili, kisha akaketi kwa unyonge.

"Hii hapana jini ya kufukuza," alinong'ona. "Nimeambia yeye toka. Anasema hajaitwa bado."

"Hajaitwa wapi?"

"Sijui, bwana. Uliza mwenye nguo."

Rosa alishuka kwenye lori la Koboko siku ya Ijumaa. Kamisi alimkaribisha ndani. Akampa joho na sindano.

"Funga wewe, mama."

Akafunga. Fundo likafunguka mbele ya macho yake. Akafunga tena, likafunguka tena. Rosa akaketi sakafuni.

"Desemba iliyopita," alisema. "Rafiki yake alikuja kwangu. Alisema gari bila namba ilimchukua, ikakwenda naye upande ya mto. Mimi nikamfukuza, nikamwita mwongo." Akalipapasa lile shati la kipimo lililokuwa ukingoni mwa meza. "Nilifikiri, kama nguo iko tayari, itabidi aje kuvaa."

Kamisi hakumlaumu. Angekuwa na mwana, labda naye angeshona.

"Kule chuo wanafanya namna gani, siku ya kuhitimu?" aliuliza taratibu.

"Pitia aliniambia. Wanasoma jina. Mtoto anasimama. Wanasema umemaliza, basi anakwenda."

"Mzee Duku alisema yeye hajaitwa bado," Kamisi alimwambia. Kisha Rosa akainuka, akafunga kitenge chake upya, akalitundika joho ukutani na kusimama mbele yake.

"Pitia," aliita. Akainua uso, akaita tena. "Pitia, mtoto ya Rosa Kiden wa Koboko."

Mabega ya joho yakajaa. Harufu ya mto ikaingia chumbani kama mtu anayebisha na kuingia, na Kamisi akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga mlango. Rosa hakurudi hata hatua moja.

"Umemaliza, baba," alimwambia. "Umesoma vizuri. Kwenda sasa. Kwenda, usiningoje."

Maji yakadondoka mara moja zaidi. Kisha joho likanywea.

Walilizika Koboko, kando ya kaburi la baba yake, bila fundo hata moja. Watu walilia kwa sauti za chini, kwa kuwa barabara ilikuwa karibu na askari walipita humo.

Kamisi aliporudi dukani alilikuta shati bado mezani, kifungo kimoja kikining'inia. Akatunga uzi, akakishona, akafunga fundo.

Likashika. Alilivuta kidogo, akalivuta tena, nalo likashika. Ndipo Kamisi akalia.